Mshahara na Ulimi: Tanga, 1904 hadi 1964

Gazeti la Kiongozi lilianza kuchapwa katika Shule ya Serikali ya Tanga mwaka 1904, na wengi wa waliolipelekea habari walikuwa walimu, makarani na maakida. Mjerumani aliyewalipa ndiye aliyekuwa na kauli ya mwisho juu ya kipi kichapwe. Mwandishi ambaye riziki yake yatoka kwa msomaji wake wa kwanza hujikagua mwenyewe kabla hajakaguliwa. Ndiyo maana nadai kwamba katika mwambao wa Tanga mshahara ulifunga midomo mingi kuliko jela, na kwamba kifungo hicho hakikuondoka pamoja na bendera ya mkoloni.

Mwaka 1922, Mwingereza akiwa ameshika nchi, Martin Kayamba, karani wa Kibondei, aliwakusanya wenzake mjini Tanga wakaunda chama cha Waafrika walioajiriwa na serikali. Waislamu na Wakristo waliketi pamoja, wakasoma magazeti, wakacheza mpira, wakajadili hali zao kazini. Ni rahisi leo kuwaita waoga kwa sababu waliomba badala ya kudai, lakini lawama hiyo si ya haki. Walikuwa wasomi wa mwanzo wa nchi, na wote walikula kwa serikali. Ugumu wa hali hiyo ulidhihirika mwaka 1953, Gavana Twining alipowapiga marufuku watumishi wa serikali kujiunga na vyama vya siasa. Watetezi wa amri za namna hiyo husema kuwa karani anatunza siri za ofisi na hana budi kumhudumia kila mtu bila upendeleo. Hoja hiyo ina uzito, nami naikubali kwa nchi yenye wanasheria, wafanyabiashara na wahariri wanaojitegemea. Tanganyika ya 1953 haikuwa hivyo. Mwafrika aliyeweza kuandika barua ya malalamiko ikaeleweka kwa Gavana, mara nyingi alikuwa mwajiriwa wa huyo huyo Gavana. Kumnyamazisha karani kulikuwa kuinyamazisha jamii nzima.

Mwandishi Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani, aliingia kazi ya forodha mwaka 1926 na akaendelea kuwa mtumishi wa serikali hadi miaka ya hamsini. Kitabu chake cha Kusadikika kilitoka mwaka 1951, yeye akiwa bado ofisini. Humo Karama anashtakiwa kwa kufundisha sheria, naye anajitetea mbele ya mfalme kwa kusimulia habari za wajumbe walioadhibiwa kwa kuleta mema. Nchi yenyewe inaelea angani, haina wilaya wala bwana shauri. Fumbo ni la kale pwani, halikuanzishwa na ukoloni. Lakini kwa mtu mwenye cheo cha kulinda, lilikuwa pia ngao.

Hoja ya siri za ofisi inaanguka kabisa tukifika kwenye mashamba ya mkonge. Mkata mkonge hakuwa na faili la kufichua. Alikuwa na kipande chake, kadi ya siku 30, na asipozimaliza hapati ujira wake. Vyama vya wafanyakazi vya miaka ya hamsini vilimpa sauti, na sauti hiyo ilisaidia kuleta uhuru. Kisha ikaja sheria ya 1962 iliyofanya mgomo halali uwe karibu muhali. Januari 1963, Victor Mkello, kiongozi wa wafanyakazi wa mashamba na rais wa shirikisho la vyama vyote, alihamishiwa Sumbawanga kwa amri ya serikali. Wakubwa walisema nchi changa haiwezi kumudu migomo katika zao linaloiletea fedha nyingi za kigeni. Hofu yao ilikuwa ya kweli, ila kumpeleka msemaji mbali hakukuongeza ujira wa mkataji hata senti. Mwaka 1964 vyama vyote vilivunjwa, kikaundwa kwa sheria chama kimoja cha wafanyakazi, NUTA, katibu mkuu wake akiteuliwa na Rais. Wa kwanza kuteuliwa, Michael Kamaliza, alikuwa wakati huohuo Waziri wa Kazi.