Jina la Kuazima

Mwanafunzi anayefundishwa Maangamizi ya Wayahudi mara nyingi huanzia kwa Anne Frank, aliyejifungia na jamaa zake Amsterdam tangu Julai 1942 hadi walipokamatwa Agosti 1944. Basi hudhani kujificha ni habari ya kuta na dari. Huko Poland iliyokaliwa na Wajerumani wako wasichana wa Kiyahudi waliojificha barabarani, mchana kweupe, msalaba shingoni na cheti cha ubatizo chenye jina lisilo lao. Darasa likianza kwa kusifu ushujaa wao, naona limeanzia pabaya. Kwanza liulize ni nani aliyeweza kujificha hivyo.

Jibu linarudi nyuma miaka mingi kabla ya vita. Mvulana wa Kiyahudi alikuwa ametahiriwa na Wapoland Wakatoliki hawakutahiri, kwa hiyo suruali ikishushwa ubishi umekwisha. Tena, familia nyingi za washika dini zilipeleka wavulana kwenye shule za dini, wasichana wakaachwa waende za serikali, kwa kuwa kusoma maandiko kulihesabiwa kazi ya wanaume. Huko wasichana wakaokota Kipoland kisicho na lafudhi ya Kiyidi, lugha ya nyumbani ya Wayahudi wengi, wakazoea sala na sikukuu za Kikatoliki. Kule kupunjwa elimu ya dini ndiko kulikowapa upenyo. Na lafudhi ilikuwa na uzito, maana Mjerumani mgeni hakuweza kumtofautisha Myahudi na Mpoland kwa kumsikiliza; jirani aliweza, na wapo waliofanya biashara ya kuwatoza waliojificha au kuwauza kwa polisi.

Atatokea wa kusema kwamba kueleza hivi ni kuwapokonya wasichana hao ujasiri wao. Sikubali. Ipo picha ya Krismasi ya 1941, iliyopigwa kwenye sherehe ya Gestapo (polisi wa siri wa Wanazi) mjini Grodno: Tema Schneiderman, Bela Hazan na Lonka Kozibrodska, wajumbe wa siri wa vuguvugu la vijana wa Kiyahudi, wamesimama pamoja. Bela alikuwa mkalimani katika ofisi ya Gestapo hiyohiyo, kwa jina la Kipoland. Lugha iliwafikisha mlangoni. Kuingia kulitaka moyo. Lonka alikufa katika kambi ya Auschwitz mwaka 1943, ameandikishwa kama Mpoland, na Tema akauawa mwaka huohuo. Bela alinusurika.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba visa vya waliojificha vinapotosha hesabu, kwani Wayahudi wapatao milioni 3 wa Poland waliuawa, karibu 9 katika kila 10. Ni kweli, vikisimuliwa kama visa vya werevu. Lakini ukiorodhesha kilichohitajika, yaani lafudhi, karatasi, fedha, sura isiyotiliwa shaka, na Mpoland wa kukupokea ilhali tangu Oktoba 1941 adhabu ya kumhifadhi Myahudi ilikuwa kifo, mwanafunzi ataona mwenyewe kwa nini bibi wa kijijini aliyejua Kiyidi tu hakuwa na pa kukimbilia, hata angekuwa jasiri kuliko Lonka.