Kiraka

Kiraka ni kipande cha kitambaa kinachoshonewa juu ya tundu la nguo. Neno hili huzoeleka likiwa na harufu ya dhiki: suruali ya viraka, barabara iliyotiwa viraka. Wapenzi wa soka wa Tanzania ndio walioliondolea aibu. Kwao mchezaji kiraka ni yule anayeimudu namba yoyote, na makocha humgombania.

Huko Gee's Bend, Alabama, nchini Marekani, kiraka kina hadhi kubwa zaidi. Vizazi kadhaa vya wanawake weusi, wengi wao wakiwa wa uzao wa watumwa, wameunga vipande vya nguo za kazi zilizochakaa na kupata mfarishi, yaani tandiko la tabaka tatu: viraka juu, pamba katikati, kitambaa chini. Katika baadhi ya mifarishi hiyo alama ya mfuko uliobanduliwa bado inaonekana, mraba wa buluu iliyokoza ndani ya buluu iliyopauka.

Kuunga viraka ni kazi ya mtu peke yake. Kuzishona tabaka zote pamoja ndiko kunakoita marafiki: mfarishi huwambwa kwenye fremu, wanawake wakaketi kuuzunguka, sindano zikaenda sambamba na soga, na umbeya kidogo bila shaka. Mwaka 1966 washonaji wa eneo hilo walianzisha ushirika wa kuuza kazi zao. Mwaka 2002 mifarishi ya Gee's Bend ilitundikwa katika makumbusho ya sanaa ya Houston, na mwaka 2006 ikachapwa kwenye stempu za posta za Marekani.