Mlo wa Mwale: Jina la Upana Unaopotea

Mlo wa mwale ni upana wa mbao, akriliki au ngozi unaoteketea leza inapopita juu ya mstari wa kukata. Msumeno hugeuza upana huo kuwa unga wa mbao. Leza huugeuza moshi na mvuke. Mashine ndogo ya nyumbani inapokata plaiwudi ya milimita 3, mlo huwa kwa kawaida kati ya milimita 0.1 na 0.3. Kiasi hicho hakionekani kwa urahisi, lakini ndicho kinachoamua kama kisanduku kitashikana bila gundi au kitalegea mkononi.

Waingereza huuita *kerf*. Neno hilo ni la kale, lina undugu na kitenzi *ceorfan* cha Kiingereza cha zamani, yaani kukata, ambacho siku hizi kimebaki katika *carve*, kuchonga. Kijerumani kina *kerben*, kutia pengo, na Kiholanzi kina *kerven*. Wanaisimu huupeleka mzizi huo mbali zaidi, hadi kwenye *graphein* la Kigiriki, ambalo kwanza lilikuwa kukwaruza, kisha likawa kuandika. Kiswahili nacho kimepata tawi la ukoo huo katika neno grafu. Historia hii ni tamu, na ndiyo iliyowapotosha watafsiri wetu. Walipoona asili ya neno ni kukata, wakaridhika na mkato na kufunga daftari.

Ila *kerf* ya leo si tendo la kukata, wala si mstari uliokatwa. Ni kile kilichokuwapo na sasa hakipo. Wajerumani wenyewe, pamoja na kuwa na *kerben*, hawakung'ang'ania mzizi huo. Husema *Schnittfuge*, mwanya ulioachwa na ukataji. Wafaransa husema *trait de scie*, mstari wa msumeno. Kila lugha ilitazama karakana yake na kuchukua kile ambacho seremala wake hukiona. Kiswahili kina karakana pia, na kina maseremala tangu enzi za majahazi na milango ya nakshi, lakini istilahi zinapopangwa na kamati ni rahisi wao kusahauliwa.

Kasoro ya mkato haiishii kwenye maana. Neno hilo tayari limebeba mizigo mingine: ni alama ya uandishi, ni ufupisho katika "kwa mkato", na watumiaji wa kompyuta wamelizoea katika "njia ya mkato" ya kibodi. Faili la SVG, muundo unaotumika sana kwa michoro ya leza, mara nyingi hutumia alama ya mkato kutenganisha namba za mahali pa kila nukta. Fundi anayefungua faili hilo akiwa na mwongozo unaosema "rekebisha mkato" hana njia ya kujua kama anaelekezwa kwenye alama, kwenye mstari au kwenye upana uliopotea. Istilahi inayomwacha mtumiaji akibahatisha haijatimiza kazi yake.

"Upana wa mkato" ni afadhali, lakini huo ni ufafanuzi, haujawa jina. Ukiuunganisha na maneno mengine, unazaa "fidia ya upana wa mkato wa mwale wa leza", msururu wa vihusishi usiosemeka mbele ya mashine inayonguruma. Wanaotaka kutohoa tu wangelazimika kutia irabu katikati ya konsonanti, kama Kiswahili kilivyofanya kwa *harf* la Kiarabu hadi likawa herufi. Matokeo yangekuwa "kerefu", neno linalomvuta msomaji kwenye urefu ilhali jambo lenyewe ni upana. Mwingine angeweza kuvutiwa na kukereza, kwa kuwa linafanana na *kerf* sikioni. Mfanano huo ni wa bahati tu. Kukereza ni kazi ya kuzungusha mti na kuutia umbo, ina mafundi wake na mashine yake, na haifai kunyang'anywa jina lake.

Kinachobaki ndicho ambacho mafundi hukisema wenyewe: msumeno unakula. Fundi anayegawa ubao huacha kidogo kwa ajili ya kitakacholiwa. Kitenzi kula kimekwisha kupanuka kiasi hicho katika lugha ya kila siku: kutu hula chuma, chumvi hula bati, na kisigino cha kiatu hulika upande mmoja. Nomino mlo imeundwa kwa njia ileile iliyounda mchezo na mpasuo, kiambishi m- mwanzoni na -o mwishoni, kwa hiyo haimlazimishi mzungumzaji kujifunza sarufi mpya. Pingamizi kwamba mlo ni chakula cha mezani halina uzito. Msumeno una meno, na wachambuzi wa maneno huyaona meno hayo ndani ya jina lake lenyewe. Kipande cha mbao kinachochongwa ili kiingie tunduni huitwa ulimi. Karakana iliyokwisha kuwa na meno na ulimi haiwezi kushangazwa na mlo.

Hoja nzito kuliko zote iko kwenye neno fidia. Programu nyingi za leza zina sehemu ya kusogeza mstari ili ukubwa uliokusudiwa upatikane, na fidia ndilo jina linaloifaa. Mbuzi akila mahindi ya jirani, hulipwa kilicholiwa, hakilipwi kitendo cha kutafuna. Fidia ya mlo inajieleza yenyewe. Fidia ya mkato haielezi chochote. Hesabu yake ni rahisi. Mlo ukiwa milimita 0.2, mraba uliochorwa milimita 50 hutoka ukiwa 49.8, na tundu la milimita 50 hutoka likiwa 50.2, kwa sababu kila ukingo hupoteza nusu mlo. Basi mstari wa nje husogezwa nje kwa 0.1, na wa tundu husogezwa ndani kwa kiasi hichohicho.

Tofauti kati ya mlo na mstari ina uzito wa kisheria pia, jambo ambalo waliochagua mkato hawakulifikiria. Mafaili mengi ya leza huuzwa au hutolewa kwa leseni. Leseni za kuuza hutenganisha matumizi binafsi na ya biashara, na kwa kawaida hukataza kuuza au kugawa faili lenyewe, hata likiwa limerekebishwa. Katika leseni za Creative Commons, toleo la 4.0 la mwaka 2013, aina isiyoruhusu kazi zitokanazo humwachia mtu abadilishe kwa matumizi yake, ila asisambaze alichobadilisha; aina zinazoruhusu kusambaza kilichobadilishwa humtaka aonyeshe kwamba amebadilisha. Kufidia mlo ni kulinda vipimo alivyokusudia msanifu, na ni vigumu kuita kazi hiyo ubunifu mpya. Kubadilisha mistari, kwa mfano kupanua matundu ya faili la plaiwudi ya milimita 3 ili lipokee ya milimita 4, au kuongeza nakshi, ni kugusa usanifu wenyewe. Leseni ya Kiswahili ikiandika "usibadilishe mkato", itakuwa imekataza yote mawili, au haijakataza lolote. Ikiandika kwamba mlo waweza kufidiwa lakini mistari isibadilishwe, mnunuzi na msanifu wataelewana, na anayesambaza kwa ruhusa anaweza kueleza badiliko lake kwa maneno machache: "mlo umefidiwa, milimita 0.18".

Kuhusu matumizi: mlo, wingi milo, fidia ya mlo, nusu mlo, mlo wa juu na mlo wa chini, kwa kuwa mwale huacha ukingo wenye mshazari na upana wa pande mbili za ubao haulingani. Mlo hutegemea nguvu ya mwale, kasi, fokasi na aina ya ubao, kwa hiyo hupimwa upya kila ubao unapobadilika. Hukatwa mstatili wa milimita 100 uliogawanywa vipande 10, vipande hubanwa pamoja na kupimwa, na upungufu hugawanywa kwa 10; vikitoka 98.2, mlo ni 0.18. Faili linaloambatana na leseni litaje kama limekwisha kufidiwa na kwa mlo upi, la sivyo anayelipokea atafidia mara ya pili na ndimi hazitaingia matunduni.