Vidonge vya kabatini na mkojo usiosikia dawa

Leo tuzungumze jambo ambalo wengi hulionea haya: maambukizi ya njia ya mkojo, yale tuliyozoea kuyaita UTI. Wahenga walisema mficha uchi hazai, nami nitaanza na la nyumbani kwangu.

Mwaka jana mdogo wangu wa kike alilalamika kuwa mkojo unamchoma na kila mara yuko chooni. Nikafungua kabati, nikatoa vidonge vinne vya siprofloksasini vilivyobaki nilipougua tumbo, nikampa. Siku mbili akapata nafuu. Wiki haikuisha akashikwa na homa, akatetemeka na ubavu ukamuuma. Hospitalini tukaambiwa maambukizi yamepanda hadi kwenye figo, na kipimo kikaonyesha kuwa bakteria wale hawasikii dawa niliyompa. Alilazwa siku sita akitiwa dawa kwa sindano. Amepona, alhamdulillahi, lakini swali la daktari sijalisahau: "Hivyo vidonge alipewa na nani?"

Mimi si daktari, lakini tangu siku ile nimeuliza na kusoma. Haya ndiyo niliyojifunza.

Maambukizi mengi ya mkojo huletwa na bakteria aitwaye E. koli. Huyu makao yake ni matumbo yetu, na huko aghalabu hana madhara. Taabu huanza anapofika kwenye njia ya mkojo. Wanawake huugua zaidi kwa kuwa njia yao ya mkojo ni fupi na iko karibu na njia ya haja kubwa.

Wengi hudhani mwili ndio uliozoea dawa. Sivyo. Wanaokuwa sugu ni bakteria wenyewe. Penye chakula na joto la kutosha, E. koli huweza kuzaana maradufu kila baada ya dakika 20 hivi. Katika kundi hilo kubwa hutokea wachache wenye kinga. Wapo wanaotoa kimeng'enya kinachoikata dawa kama amoksilini, na wapo wanaoisukuma nje dawa kabla haijafanya kazi. Dawa ikiua wanyonge, hawa hubaki na uwanja mtupu. Kibaya zaidi, huweza kupitishiana siri hiyo, kama jirani anayemchongea mwenzake ufunguo.

Na hapa ndipo tunapojikwaa. Antibiotiki uliyomeza kwa mafua, ambayo huletwa na virusi na wala hayasikii dawa hiyo, hupita pia tumboni na kuwachuja E. koli walioko huko. Miezi baadaye hao sugu wakihamia kwenye mkojo, dawa iliyokuwa ikitibu hugonga mwamba. Kwa hivyo usugu huanza hata kabla hujaugua mkojo.

Hili si la Pwani peke yake. Watafiti walikadiria kuwa mwaka 2019 usugu wa bakteria wa kila aina uliua moja kwa moja watu milioni 1.27 duniani. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka 1928, alionya mwaka 1945 kuwa dozi hafifu zitawafundisha viini kuishinda dawa.

Sisi wa Pwani tuna jambo jingine. Damu kwenye mkojo huweza kuwa kichocho, hasa kwa watoto wanaoogelea mabwawani na mitoni. Kichocho ni minyoo, na dawa yake ni prazikwanteli. Ukimpa mtoto huyo antibiotiki, umewazoesha bakteria dawa bure na minyoo umeiacha.

Tufanyeje basi? Kwanza, peleka mkojo maabara kabla ya kumeza chochote. Maradhi yakirudi, au dawa ikishindwa, omba mkojo uoteshwe: bakteria hukuzwa na kujaribiwa kwa dawa mbalimbali. Majibu huchukua siku mbili tatu, lakini utajua dawa ipi inafaa. Pili, usinunue dozi nusu dukani, na usimwazime mtu vidonge. Tumia kama ulivyoandikiwa, siku zile ulizoandikiwa. Tatu, mjamzito, mtoto, na yeyote mwenye homa, kutapika au maumivu ya ubavu, asingoje. Aende hospitali siku hiyo hiyo.

Na mwezi wa Ramadhani, usiruke dozi kimyakimya. Mwambie daktari kuwa umefunga; huenda ipo dawa ya kumezwa daku na futari. Ikiwa haipo, mgonjwa ameruhusiwa kufungua na kulipa baadaye.

Najua vipimo vina gharama, na vidonge viwili vitatu vya dukani ni rahisi. Nami nilidhani naokoa pesa. Siku sita za wodini zilinifunza hesabu nyingine. Kabati langu sasa halina kidonge cha kubakia. Nawe kalitazame lako.

Wabillahi taufiq.