Vituo vya umeme vya Ubungo

Vituo vya umeme vya Ubungo ni mkusanyiko wa mitambo ya kufua umeme pamoja na kituo cha kupoza umeme katika eneo la Ubungo, jijini Dar es Salaam, Tanzania. Vipo karibu na makutano ya Barabara ya Morogoro, Barabara ya Sam Nujoma na Barabara ya Mandela, si mbali na kilima cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (Mlimani).

Historia

Mwaka 1975 kituo cha Kidatu kwenye mto Ruaha Mkuu kilianza kufua umeme wa maji. Umeme huo ulisafirishwa kupitia Morogoro hadi Ubungo kwa njia ya msongo wa kilovoti 220. Baadaye njia nyingine ilijengwa kutoka Kidatu kwenda Iringa, Mufindi na Mbeya. Kwa hiyo miji ya Nyanda za Juu Kusini, pamoja na Chunya, iko kwenye gridi moja na Ubungo: maji yanapopungua katika mabwawa ya Mtera na Kidatu, upungufu wa umeme huweza kufika pande zote mbili.

Ukame ndio uliofanya mitambo ya kufua umeme iongezwe Ubungo. Mwanzoni ilitumia mafuta, ambayo ni ghali. Tangu mwaka 2004 kampuni ya Songas ilifua umeme kwa gesi asilia kutoka kisiwa cha Songo Songo, wilayani Kilwa, inayofika kwa bomba. Mitambo yake ilikuwa na uwezo wa takriban megawati 190. Shirika la umeme la taifa (TANESCO) liliongeza mitambo yake: Ubungo I mwaka 2008 na Ubungo II mwaka 2012, kila mmoja ukiwa na uwezo wa zaidi ya megawati 100.

Mgawo wa umeme wa mwaka 2006 ulisababisha mkataba wa dharura na kampuni ya Richmond, ambao baadaye ulichukuliwa na Dowans. Kamati teule ya Bunge chini ya Harrison Mwakyembe, mbunge wa Kyela, ilichunguza mkataba huo, na Februari 2008 Waziri Mkuu Edward Lowassa alijiuzulu. Mwaka 2011 mitambo ya Dowans ilinunuliwa na kampuni ya Symbion.

Mkataba wa miaka 20 wa Songas ulifika mwisho mwaka 2024. Mwaka huohuo mitambo ya kwanza ya Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, ilianza kufanya kazi.

Maeneo ya jirani

Upande wa kaskazini kuna Mlimani, ambako chuo kilihamia mwaka 1964 kutoka mtaa wa Lumumba. Kandokando ya chuo kuna mitaa ya Msewe, Changanyikeni na Survey, ambako wanafunzi wengi hupanga vyumba. Chuo cha Maji pia kiko Ubungo. Mabibo kuna hosteli kubwa ya wanafunzi wa Mlimani na Chuo cha Taifa cha Usafirishaji. Mitaa mingine ya karibu ni Sinza, Manzese, Riverside na Kibo.

Kwa miaka mingi kituo cha mabasi cha Ubungo kilikuwa mlango wa jiji kwa wasafiri wa mikoani. Mwaka 2021 mabasi yalihamishiwa kituo kipya cha Mbezi Luis. Tarehe 24 Februari mwaka huo barabara za juu kwenye makutano zilifunguliwa na kuitwa Daraja la Kijazi, kwa heshima ya Katibu Mkuu Kiongozi John Kijazi aliyefariki siku chache kabla.

Upanuzi wa Barabara ya Morogoro uliwagusa wakazi na serikali vilevile. Mwaka 2017 nyumba nyingi kutoka Kimara hadi Kiluvya zilibomolewa kwa kuwa ndani ya hifadhi ya barabara. Mwaka huohuo Rais John Magufuli aliagiza sehemu ya jengo la makao makuu ya TANESCO na la Wizara ya Maji, yote ya Ubungo, zibomolewe kwa sababu hiyohiyo.