Mama anayenyonyesha anaweza kubeba mimba mbele ya kuona mwezi

Mama wengi waliozaa karibuni wanasema: «Sijaona mwezi, mimba haiwezi kuingia.» Wengine wanashikwa hapo hapo.

Mwanamke ana vifuko viwili vya mayai, kimoja kila upande wa tumbo ya uzazi. Yai likikomaa linatoka, linapita ndani ya mrija. Lisipokutana na mbegu ya mwanaume, damu inakuja kama siku 14 nyuma yake. Yai ndilo linatangulia. Anayengojea damu amechelewa.

Ni kweli, kunyonyesha kunazuia yai. Lakini masharti ni 3, na yote yawe pamoja: mtoto hajafikisha miezi 6, damu haijarudi, na mtoto ananyonya tu, mchana na usiku, bila maji wala uji. Yakishikwa hivyo, wanawake 98 kati ya 100 hawapati mimba. Mama anayeshinda shambani huku bibi akimpa mtoto uji, huyo hana tena kinga.

Sindano ya miezi 3 inaanza wiki 6 baada ya kuzaa. Kijiti cha mkononi kinalinda miaka 3 ao 5, na hakikaushi maziwa, hata kama sokoni wanasema hivyo. Vidonge vya homoni mbili vingoje miezi 6, juu vinaweza kupunguza maziwa. Kondomu ni siku yoyote, nayo peke yake inazuia pia ukimwi.

Siku ya kupima mtoto kilo kwenye kituo cha afya, mama anaweza kuuliza muuguzi yote hayo.