Mfalme Aliyehitaji Sahihi ya Waziri

Kutoka Pepa, kwenye baridi na malisho ya ng'ombe ya Marungu, mtu akiteremka ziwani anafika Moba. Enzi ya Wabelgiji, Moba iliitwa Baudouinville, na Kalemie, kaskazini kwenye ufuko huohuo, iliitwa Albertville. Ni rahisi kudhani kwamba Baudouin huyo ni yule mfalme kijana aliyekuja Kongo mwaka 1955 amevaa sare nyeupe. Siye. Mapadri Weupe walipoanzisha misheni yao kule mwaka 1893, ilikuwa imebaki miaka 37 mfalme yule azaliwe. Jina walilitoa kwa mwanamfalme Baudouin, mtoto wa nduguye Leopold II, aliyefariki Januari 1891 akiwa na miaka 21. Kifo hicho kilimsogeza mdogo wake, Albert, karibu na kiti cha ufalme, na mwishoni mwa mwaka huohuo Kapteni Jacques aliyekuja kupigana na wafanyabiashara wa watumwa akaipa ngome yake jina la Albert.

Mfalme Baudouin alikuwa mjukuu wa Albert huyo. Alizaliwa Septemba 7, 1930, na utoto wake ulijaa misiba. Februari 1934 babu yake alianguka kwenye majabali alipokuwa akipanda, akafa. Mwaka uliofuata mama yake, Malkia Astrid, alifariki katika ajali ya gari Uswisi. Baadaye ikaja vita. Mei 1940 baba yake, Leopold III, alisalimu amri kwa Wajerumani na kukataa kuwafuata mawaziri wake uhamishoni.

Ugomvi wa baba na mawaziri wake ndio ufunguo wa maisha ya mtoto. Katiba ya Ubelgiji ya 1831 inasema tendo la mfalme halina nguvu mpaka waziri atie sahihi pembeni, na kwa sahihi hiyo waziri ndiye anayebeba lawama. Mfalme hashtakiwi, lakini pia hatembei peke yake. Leopold III alitembea peke yake. Katika kura ya maoni ya Machi 1950, karibu asilimia 58 walitaka arudi kwenye kiti, ila wazungumzaji wa Kifaransa wa Wallonia wengi wao walikataa. Migomo ikazuka, na Julai polisi wakaua watu wanne huko Grâce-Berleur. Leopold akamwachia mwanawe kiti. Julai 17, 1951, Baudouin aliapa, hajatimiza hata miaka 21, uso wake mkavu kama wa mtu aliyepewa urithi wenye madeni.

Akatawala miaka 42. Wabelgiji wanamkumbuka zaidi kwa jambo la Aprili 1990. Bunge lilikuwa limepitisha sheria ya kuruhusu utoaji mimba, na mfalme, Mkatoliki wa ndani kabisa, asiye na mtoto baada ya mkewe Fabiola kupoteza mimba mara kadhaa, alimwandikia Waziri Mkuu Wilfried Martens kwamba dhamiri yake haimruhusu kuitia sahihi. Njia iliyopatikana ilikuwa ya kisheria na ya ajabu. Aprili 4 mawaziri walitangaza kwamba mfalme hawezi kutawala, wakaitia sahihi sheria wao wenyewe, na kesho yake Bunge likamrudishia kiti. Wapo waliocheka. Mimi naona alikuwa mkweli, na katiba haikuvunjwa.

Ila kwa Kongo, habari ni nyingine. Chini ya Mkataba wa Koloni wa 1908, sheria nyingi za Kongo zilitoka kwa amri ya mfalme, pamoja na sahihi ya waziri wa makoloni. Waziri huyo aliwajibika kwa Bunge la Brussels, na hakuna Mtabwa wa Marungu aliyepiga kura ya kulichagua. Sahihi iliyomlinda Mbelgiji haikumlinda Mkongo. Stefano Kaoze, mwana wa Marungu na padri wa kwanza Mkongo, alipewa upadri Baudouinville Julai 21, 1917. Tarehe hiyo Wabelgiji huadhimisha kiapo cha mfalme wao wa kwanza kwa katiba, katiba ambayo kwa Kaoze haikuwa na maana yoyote.

Safari ya 1955 ilimpa Baudouin jina. Watu walimwita Mwana Kitoko, kwa Kilingala kijana mzuri, na maofisa, wakiona "mwana" ni udogo mno, wakaligeuza kuwa Bwana Kitoko, nusu Kiswahili nusu Kilingala. Januari 1959, siku chache baada ya ghasia za Léopoldville, aliahidi uhuru kwenye redio. Juni 29, 1960, Ambroise Boimbo alimpokonya upanga barabarani, na kesho yake mfalme akamsifu Leopold II mbele ya watu ambao babu zao walikatwa mikono chini ya utawala wa Leopold huyo. Waziri Mkuu Lumumba alimjibu.

Wabelgiji waliondoka, katiba yao ikabaki. Sheria ya Msingi ya Mei 1960 ilimpa rais wa Kongo uwezo wa kuteua na kuwaondoa mawaziri, kama mfalme wa Ubelgiji. Septemba 5 Rais Kasa-Vubu akautumia, akamfukuza Lumumba kwenye redio, na sahihi mbili za mawaziri zikapatikana, ya Justin Bomboko na ya Albert Delvaux. Yaani desturi ya kumfunga mfalme mkono ilitumika huku kumwangusha aliyechaguliwa na Bunge.

Tume ya Bunge la Ubelgiji iliyotoa ripoti yake mwaka 2001 ilikuta kwamba Oktoba 1960 barua kutoka Katanga ilifikisha ikuluni habari ya hatari dhidi ya maisha ya Lumumba, na mfalme hakuiarifu serikali. Lumumba aliuawa Januari 17, 1961, karibu na Élisabethville. Hapo hapakuwa na karatasi ya kutiwa sahihi. Kukaa kimya hakuhitaji waziri. Dhamiri iliyosimama imara mwaka 1990 mbele ya sheria iliyopitishwa na Bunge haikuonekana katika wiki zile za Oktoba, na hilo nashindwa kumsamehe.

Jina la Baudouinville lilikuwa limekwisha futwa kufikia mwaka 1985, mfalme alipofika Kinshasa kwa sherehe za miaka 25 ya uhuru, mgeni wa Rais Mobutu. Waasi wa chama cha PRP cha Laurent Kabila walikuwa wameushambulia mji wa Moba Novemba 1984. Juni 1985, mwezi uleule wa ziara, waliushambulia tena.